Shokapu za Gari la Maziwa

Mwezi wa kwanza wa mwaka 2008, Pascaline alitolewa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kupelekwa hospitali ya Mbarara, amelazwa juu ya godoro nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa mahindi, lakini hakufika. Kila gurudumu lilipoingia shimoni alishika mkono wa mumewe akauminya hadi kucha zikaacha alama. Kabla ya kufika Kabingo sauti ilikuwa imemkauka kwa kulia. Mwishowe, gari liliposimama, akamwambia dereva taratibu, kama mtu anayeomba maji ya kunywa:

"Papa, unirudishe. Heri nikufe kwangu."

Dereva akamtazama mume. Mume akainamisha kichwa. Gari likageuzwa.

Mume huyo aliitwa Anselme Kalume, na alikuwa fundi wa magari. Kwao Uvira, Kongo, alifanya kazi miaka kumi na moja katika gereji ya malori yaliyopanda milima kwenda Bukavu, mpaka vita vikamtoa. Nakivale alijenga kibanda cha miti na mabati karibu na Base Camp, katikati ya kambi, akaendelea na kazi aliyoijua. Pascaline alilima mahindi na maharage. Binti yao mmoja, Divine, alikuwa ameolewa mbali, upande wa Kyangwali. Nyumbani walibaki wao wawili na Constance, mdogo wake Pascaline.

Maumivu ya mgongo yalimwanza Pascaline wakati wa kuvuna. Mwanzoni walidhani ni jembe. Kisha ikaja homa ya kila jioni na jasho la kulowesha shuka, akaanza kutembea ameshika ukuta. Nesi wa kituo cha afya alimpapasa uti wa mgongo kwa vidole viwili, akasimama mahali palipojitokeza kama fundo, akaandika barua. Aende Mbarara akapigwe picha. Asikawie.

Ndiyo safari iliyowashinda.

Siku zilizofuata Anselme hakuwa na neno jingine. Alipokuwa amelala chini ya gari la mtu, alikuwa akiipima kichwani ile pikapu: springi zake zilivyokuwa ngumu, shokapu zilivyokuwa zimekufa zamani. Springi, aliwaambia wateja wake, kazi yake ni kurusha. Ikibanwa inarusha, ikirusha inarusha tena. Shokapu, ambayo yeye aliiita amotisere kama walivyosema Uvira, kazi yake ni kuituliza springi, kuishika bega na kuiambia basi. Gari lisilo na shokapu ni mtu mwenye hasira asiye na wa kumtuliza. Aliamini kabisa kwamba mkewe hakushindwa na ugonjwa. Alishindwa na gari. Na gari lilikuwa kitu alichokiweza.

Wiki mbili baadaye akaja Mutabazi.

Mutabazi alikuwa mfugaji wa Endiinzi, mtu mrefu wa maneno machache, aliyekusanya maziwa ya majirani zake na kuyapeleka kwenye mtambo wa kupozea maziwa Kakiika, karibu na Mbarara. Alikuwa na Land Cruiser ya zamani, pikapu, ambayo mafundi fulani wa mjini walikuwa wamempandishia juu ili ipite matope ya masika. Walikuwa wameongeza mabamba ya chuma kwenye springi zote nne, wakafunga magurudumu makubwa, wakaacha shokapu zile zile za kiwandani.

"Fundi," alisema Mutabazi, "hii gari sasa iko juu kama tembo, lakini inaruka kama mbuzi. Maziwa inafika Kakiika imekuwa siagi."

Anselme akaingia chini. Hakukaa dakika mbili. Shokapu zilikuwa fupi kwa gari lililopandishwa. Kila gurudumu liliposhuka shimoni, shokapu zilifika mwisho wa urefu wake na kuvutwa kama mkono wa mtu anayening'inia. Zote nne zilikuwa zimepasuka na kumwaga mafuta.

Alipotoka alikuwa na mpango wake tayari.

"Muzee, hii nitaitengeneza iwe sawa kitanda. Nitakuambia amotisere gani, weye utanunua. Miye sitaki kitu ya kazi yangu. Siku gari itakuwa muzuri, unibebee bibi yangu mupaka Mbarara, alale nyuma."

"Hiyo ni kitu kidogo," alisema Mutabazi. "Hata leo tunaweza kumpeleka."

"Leo hapana," Anselme alijibu upesi. "Leo itamuua."

Alianza kupima siku iyo hiyo. Alipandisha chesisi kwa jeki hadi magurudumu yakaning'inia hewani, akapima kutoka sikio la juu linaloshika shokapu hadi sikio la chini: sentimita sitini na mbili. Kisha akapakia mawe na magunia ya mchanga nyuma ya gari hadi springi zikalala na ekseli ikakaribia kugusa mpira wa kizuizi, akapima tena: arobaini. Maana yake ilikuwa hii. Shokapu ikinyooka yote iwe ndefu kuliko sitini na mbili, isije ikavutwa ikang'oka. Ikijifunga yote iwe fupi kuliko arobaini, isije ikagonga chini na kuvunja kitu. Alirudia kipimo mara tatu, mbele na nyuma, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa kibanda.

Jioni aliingia ndani na kumweleza mkewe mambo hayo yote, urefu wa kunyooka na urefu wa kujifunga. Pascaline alisikiliza amelalia ubavu.

"Itakuwa siku gani?" aliuliza.

"Wiki moja. Mbili kama ni mingi."

Mbarara alikwenda kwa Hajati Jaliah, mjane aliyeendesha duka la vipuri na aliyejua mzigo wake kuliko wanaume wote wa mtaa ule. Hajati aliangalia vipimo, akatikisa kichwa. Alikuwa na aina mbili tu. Za kiwandani, ambazo zikinyooka zilifika hamsini na nne, na za lori dogo, ambazo zilinyooka hadi sabini lakini hazikujifunga chini ya arobaini na nne.

"Fundi, hii ya lori itagonga," alisema. "Wewe mwenyewe umeandika arobaini. Subiri nikuagizie Kampala."

"Siku ngapi?"

"Siku kumi. Labda zaidi."

Anselme akaziweka zile za lori mkononi, akazipima kwa macho, akajiambia kwamba Mutabazi akipunguza mzigo springi hazitalala hadi mwisho. Alijua anajidanganya. Akazichukua.

Zilidumu siku nne, naye alikuwa bado anazijaribu kwa mzigo wa maziwa kabla ya kumlaza mkewe juu yake. Asubuhi ya tano, Mutabazi akiwa amejaza madebe ya maziwa hadi juu, gari liliangukia kwenye mtaro karibu na Rugaaga, shokapu ya nyuma kushoto ikajifunga ikafika mwisho, na sikio la juu likang'oka pamoja na kipande cha chesisi.

Mchomeleaji wa Base Camp aliitwa Kizito, Mganda aliyekuja kambini kufuata kazi na asiondoke tena. Alilichomelea lile pengo vizuri. Alipomaliza alikaa juu ya tairi na kumwambia Anselme:

"Kwa nini unajisumbua? Chukua shokapu za kiwandani. Mimi nakata vipande vinane vya chuma, naongeza haya masikio, ya juu yanashuka, ya chini yanapanda. Shokapu fupi inatosha. Siku moja tu, kazi imekwisha."

"Chuma ya kuongeza inavunjika."

"Yangu haivunjiki."

"Inavunjika, Kizito. Na siku itavunjika, bibi yangu atakuwa juu yake. Mutu wa kazi hafanye vile."

Kizito akainua mabega, akakusanya vifaa vyake. Anselme alirudi Mbarara akamwambia Hajati Jaliah aagize Kampala: nne, sitini na nne zikinyooka, thelathini na nane zikijifunga, laini kuliko za lori.

Ikawa kungoja.

Mwezi wa pili ulikuwa katikati. Siku moja nesi alipita nyumbani mwenyewe. Gari la wagonjwa lilikuwa linakwenda Mbarara Alhamisi, na nafasi moja ilikuwa wazi. Anselme alitoka kuliangalia gari hilo lilipokuwa limeegeshwa, akachuchumaa, akasukuma bampa kwa mikono miwili, akahesabu mara ngapi liliruka kabla ya kutulia. Mara tano. Gari lenye shokapu nzima huruka mara moja.

"Anaweza kungoja?" alimuuliza nesi.

"Si vizuri kungoja."

"Amotisere ziko njiani. Wiki moja tu."

Nesi akamtazama Pascaline. Pascaline alikumbuka barabara ya Kabingo, uso ukambadilika, akasema ataenda na gari la mumewe. Nafasi ile alipewa mwingine.

Shokapu zilikuja baada ya wiki mbili, lakini zilikuja mbili tu, za mbele. Za nyuma hazikuwemo kwenye boksi. Hajati Jaliah alipiga simu Kampala mbele ya Anselme, akasema kwa ukali maneno ambayo hakuwa na kawaida ya kuyasema, lakini ukali haukuzileta. Wiki nyingine ikapita, na nyingine.

Katika siku hizo Anselme hakukaa nyumbani. Alikwenda mjini kuulizia, akarudi, akakaa chini ya gari la Mutabazi akibadilisha bushi, zile pete za mpira za kwenye viungo, akipunguza bamba moja kwenye kila springi ya nyuma kwa sababu wale mafundi wa mjini walikuwa wamezidisha, akipima upya. Chaki ya mlangoni ikafutwa ikaandikwa mara nyingi. Chakula aliletewa na Constance.

Asubuhi moja, akiwa anafunga viatu, Pascaline alimwambia:

"Papa Divine, miguu yangu iko sawa vile haiko yangu."

"Ni kulala mingi njo kunafanya vile. Damu inakawia."

"Constance alinimwagia maji ya moto jana. Nilimuona analia, njo nikajua inaunguza."

"Bushi za nyuma zimefika," alisema Anselme, akiwa tayari mlangoni. "Nikirudi utanieleza."

Aliporudi alimkuta amelala, naye hakuuliza.

Shokapu za nyuma zilifika tarehe ishirini na sita ya mwezi wa tatu. Anselme alizifunga siku hiyo hiyo, bila haraka, kama mtu anayevaa nguo ya ibada. Kabla ya kuifunga kila moja aliisimamisha wima, akaivuta na kuisukuma mara sita hadi hewa ikatoka na mkono ukasikia mafuta yakipita sawasawa. Akaweka bushi, akaweka washa, akakaza nati kwa vidole tu. Alishusha gari likasimama kwa uzito wake mwenyewe, ndipo akaingia tena na spana kukaza mwisho, maana bushi ikikazwa gari likiwa hewani hujisokota na kufa mapema. Kisha akalisukuma bampa. Gari lilishuka, likapanda, likatulia.

Mutabazi alikwenda nalo hadi Rugaaga na kurudi. Aliposhuka alilizunguka gari lote. Kisha akasema:

"Fundi, wewe umefanya kazi."

Kesho yake asubuhi walimlaza Pascaline nyuma, juu ya magodoro mawili. Anselme alimbeba mwenyewe kutoka kitandani. Alishangaa miguu yake ilivyoning'inia, ikigongana kama ya mtu aliyelala usingizi mzito, lakini mawazo yake yalikuwa barabarani na hayakukaa hapo. Constance alikaa upande wa kichwa, yeye upande wa miguu. Mutabazi akawasha gari.

Mvua ya usiku ilikuwa imechimba barabara. Anselme alilisikiliza gari kwa mwili wake wote. Gurudumu lilishuka shimoni, springi ikafunguka, shokapu ikaishika, na sahani ya bati yenye mkate, iliyowekwa kando ya godoro, haikutikisika. Walipita mahali walipogeuzia ile mara ya kwanza. Anselme alimwangalia mkewe. Uso wake ulikuwa umetulia, macho yakifuata mawingu.

"Mama Divine, uko unasikia barabara?"

"Hapana," alisema Pascaline. "Sisikie kitu."

Anselme akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu mwaka uanze. Akagonga kioo cha nyuma, akampigia Mutabazi kelele kwamba mgonjwa hasikii hata jiwe, na Mutabazi akainua kidole gumba bila kugeuka. Constance hakucheka. Aliinama akamfunika dada yake miguu vizuri, ingawa ilikuwa imefunikwa tayari.

Mbarara, baada ya picha na vipimo, daktari kijana aliwaita Anselme na Constance kando ya kitanda. Alizungumza Kiswahili cha kujifunzia kazini, akitafuta maneno. Alichukua sindano, akamchoma Pascaline kwenye kidole cha mguu, kisha kwenye kisigino, kwenye goti, kwenye paja. Pascaline alikuwa akiangalia dari. Sindano ilipofika tumboni, juu ya kitovu, ndipo alishtuka.

"Tangu lini hasikii miguu?" daktari aliuliza.

Anselme alifungua mdomo kusema kwamba anasikia. Constance akamtangulia.

"Wiki tatu. Wiki nne na ya leo."

Daktari akaeleza. Ni ile TB ya kifua, lakini hii imeingia kwenye mifupa ya mgongo. Imekula mifupa miwili, usaha umejaa, unabana mishipa inayopeleka habari miguuni. Dawa ziko, na zitaua ugonjwa. Atapona homa, atapona maumivu.

"Na miguu?" aliuliza Anselme.

"Kama angekuja akiwa bado anatembea, watu wengi miguu inabaki. Kama miguu imekufa siku chache, tunajaribu. Sasa..." Akaikunja barua ya nesi, ambayo ilikuwa na tarehe ya mwezi wa kwanza. "Tutajaribu. Sitaki kukudanganya."

Anselme alitoka nje, akasimama karibu na gari. Mutabazi alimuuliza habari, naye akajibu kwamba wamempokea. Mutabazi akamsifia tena gari, jinsi lilivyoshika barabara pale kwenye mteremko, kisha akaaga kwa sababu maziwa ya majirani yalikuwa yanamngoja Endiinzi.

Anselme alirudi kwa mkewe ikiwa saa tisa alasiri. Constance alikuwa amekwenda kutafuta uji. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akauinua mguu mmoja wa Pascaline na kuuweka mapajani mwake. Ulikuwa mwepesi na baridi.

"Juu ya nini haukuniambia?"

Pascaline alimgeuzia uso. Hakuwa na hasira.

"Nilikuambia. Ulikuwa unapima."

Walikaa Mbarara miezi miwili, kisha wakarudishwa na dawa za kumeza. Mwaka ulipoisha homa ilikuwa imekwenda kabisa. Pascaline alinenepa, mashavu yakajaa, watu wa kanisa wakaja kumshukuru Mungu. Kila siku kwa mwaka mzima Anselme alimkunja magoti na kumnyoosha kama alivyofundishwa, akimuuliza kama anasikia. Siku moja Pascaline alisema anahisi kidole kikubwa cha kulia kinawaka moto, na Anselme hakulala kwa furaha. Ulikuwa moto wa mishipa tu, wala haukuleta kitu. Baada ya hapo Anselme aliacha kuuliza, na mkewe akaacha kutazamia kuulizwa.

Kazi haikumwacha Anselme. Mutabazi alikuwa amelisifia gari lake kila alipopita, na watu wenye magari ya kupandishwa wakaanza kumuulizia fundi wa Nakivale. Alikuja sajini mmoja kutoka kambi ya jeshi ya Makenke na jipi yake. Akaja mfugaji mwingine, na mwenye lori la ndizi. Wote walitaka vile vile: gari liwe juu, na lilale kama kitanda. Anselme aliwapimia, akawaandikia urefu wa kunyooka na wa kujifunga, akawatuma kwa Hajati Jaliah. Hakukataa, kwa sababu nyumbani palihitajika sabuni na sponji na chakula. Lakini hakuwahi tena kumweleza mtu yeyote kwa furaha shokapu inafanya nini. Waliouliza aliwajibu, "Inatuliza," akarudi chini ya gari.

Mwaka wa tatu ililetwa kwake pikapu moja ya kubadilishwa bushi. Alipoingia chini alikuta masikio ya shokapu yameongezwa vipande vya chuma, ya juu yakashushwa, ya chini yakapandishwa, na shokapu za kiwandani zimefungwa hapo. Aliutambua mkono wa Kizito. Akamuuliza mwenye gari kazi ile ilifanywa lini.

"Mwaka 2008, mwezi wa pili," alisema yule mtu. "Siku moja tu. Haijawahi kunisumbua."

Anselme alipitisha kidole kwenye kiungo cha chuma kilichochomelewa, polepole, akitafuta ufa. Akafuta vumbi kwa kitambaa akaangalia tena, kwa tochi. Hakukuwa na ufa popote. Alibaki amelala pale chini, chali, hadi mwenye gari akainama kumuuliza kama kuna tatizo.

"Hapana," alisema. "Iko muzuri."

Alibadilisha bushi, akampa mtu gari lake, akanawa mikono kwa mafuta ya taa na sabuni. Ilikuwa imefika saa nane, saa ya kumgeuza Pascaline, maana asipogeuzwa kila baada ya saa mbili ngozi ilichubuka na kuoza, na tayari alikuwa na kidonda kimoja nyongani kilichokataa kupona. Constance alikuwa shambani. Anselme aliingia ndani, akasimama upande wa kitanda.

"Ni nani alikuja?" Pascaline aliuliza.

"Mutu wa bushi."

"Umekawia."

"Ndiyo," alisema. "Nilikawia."

Akaingiza mkono mmoja chini ya mabega yake na mwingine chini ya nyonga, akahesabu hadi tatu, akamgeuza aelekee ukutani.